Mkono wa Afrika katika Muziki wa Milima ya Appalachia

Milima ya Appalachia huanzia Alabama, kusini mwa Marekani, na kuelekea kaskazini-mashariki hadi Kanada, lakini wataalamu wa muziki wanapoitaja Appalachia hukusudia sehemu yake ya kusini na ya kati tu, yaani mashariki mwa Kentucky na Tennessee, magharibi mwa North Carolina, kusini-magharibi mwa Virginia na jimbo zima la West Virginia. Katika mabonde ya eneo hilo zilikua sanaa mbili ambazo leo hutajwa pamoja kana kwamba ni pacha: upigaji wa banjo ya nyuzi tano, na uimbaji wa nyimbo za kale, hasa baladi, yaani nyimbo ndefu zinazosimulia kisa kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Nasaba za sanaa hizo, hata hivyo, ni mbalimbali. Baladi nyingi zilivuka bahari pamoja na walowezi waliotoka Uingereza, Uskoti na Ulster, kaskazini mwa Ireland, ilhali banjo ni matunda ya maarifa ya Waafrika waliouzwa utumwani. Na swali linalostahili kuchunguzwa ni vipi ala ya watumwa ilikuja kuwa nembo ya wakulima weupe wa milimani, na kwa nini kwa miongo mingi habari ya asili yake ilisahauliwa, au tuseme ilisahaulishwa.

Kuhusu asili yenyewe, ushahidi ni mwingi na haupingiki. Tabibu Hans Sloane, aliyeishi Jamaica kati ya 1687 na 1689, alieleza ala za watumwa zilizotengenezwa kwa vibuyu vilivyowambwa ngozi na kutiwa nyuzi, na kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1707 kina mchoro unaozionyesha. Thomas Jefferson, ambaye mwenyewe alimiliki watumwa, aliandika katika miaka ya 1780 kwamba ala waliyoipenda watu weusi wa Virginia waliileta kutoka Afrika. Kutoka South Carolina umebaki mchoro wa rangi wa mwishoni mwa karne ya 18, unaoaminika kuwa kazi ya John Rose, unaoonyesha watumwa wakicheza huku mmoja wao akipiga banjo ya kibuyu yenye nyuzi nne, mmoja ukiwa mfupi na umefungwa ubavuni mwa shingo ya ala. Zipo pia ala zenyewe: moja iliyochukuliwa Suriname katika miaka ya 1770 na John Gabriel Stedman, ambayo imehifadhiwa Uholanzi, na nyingine iliyochukuliwa Haiti na Victor Schoelcher, Mfaransa aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, ambayo imo katika jumba la makumbusho ya muziki jijini Paris.

Uzi huo mfupi una uzito wa pekee katika uchambuzi huu. Kwa muda mrefu vitabu vilirudia dai kwamba uzi wa tano, ambao ndio unaoipa banjo tabia yake, ulibuniwa na Joel Walker Sweeney wa Appomattox, Virginia, mwanamuziki mweupe aliyezaliwa mwaka 1810 na aliyejifunza kwa watu weusi wa kwao. Mchoro wa South Carolina, uliochorwa kabla Sweeney hajazaliwa, unalivunja dai hilo moja kwa moja, kwa kuwa uzi mfupi wa gumba tayari umo. Kama Sweeney au mtu wa zama zake aliongeza chochote, basi ni uzi mnene wa sauti ya chini, jambo ambalo halibadilishi nafsi ya ala. Hali kadhalika, mtafiti Daniel Laemouahuma Jatta wa Gambia aliwakumbusha Wamarekani juu ya akonting, ala ya Wajola wa Senegambia yenye mwili wa kibuyu, ngozi ya mbuzi na nyuzi tatu, ambayo mpigaji wake hugonga uzi mrefu kwa ukucha kutoka juu kwenda chini, kisha gumba likaupiga ule uzi mfupi. Si lazima kudai kwamba akonting ndiyo mama pekee wa banjo, maana Afrika Magharibi ina ukoo mzima wa ala za jinsi hiyo, na huko Karibiani watu wa makabila mengi waliotupwa pamoja waliunda ala mpya ambayo haikuwa nakala ya yoyote kati ya zile walizoziacha nyumbani. Hata hivyo, mwendo wa mkono wa Mjola na mwendo wa mkono wa mzee wa milimani unafanana kiasi kwamba ni vigumu mno kuuita sadfa.

Wataalamu wanatofautiana kuhusu namna banjo ilivyopanda milimani. Upande mmoja unasema kwamba ala hiyo ilifikishwa na maonyesho ya minstreli, yaani michezo ya jukwaani ambamo wanaume weupe walijipaka masizi usoni na kuwaigiza watu weusi kwa dhihaka, michezo iliyopata umaarufu mkubwa baada ya kundi la Virginia Minstrels kujitokeza New York mwaka 1843. Vikundi hivyo vilisafiri kila pembe, vitabu vya kufundishia vilianza kuchapishwa katika miaka ya 1850, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliwakutanisha askari waliopeana nyimbo kambini. Upande wa pili, ambao hoja yake ilitiwa nguvu na kitabu cha Cece Conway cha mwaka 1995 juu ya mwangwi wa Afrika katika banjo ya Appalachia, unasema kwamba watu weupe wengi walijifunza ana kwa ana kutoka kwa majirani na wafanyakazi wenzao weusi, kabla na baada ya utumwa. Hoja ya pili ina nguvu zaidi kuliko ilivyokuwa ikipewa, kwa sababu inaelekea mahali ambapo watu walikuwapo kweli: katika viwanda vya chumvi vya bonde la Kanawha vilivyoendeshwa kwa kazi ya watumwa, kwenye mashamba ya mabondeni, na baadaye katika migodi ya makaa ya mawe na kambi za ujenzi wa reli.

Reli hasa haina budi kuangaliwa kwa makini. Handaki la Big Bend huko West Virginia, linalohusishwa na kisa cha John Henry, mpasua miamba mweusi aliyeshindana na mashine, lilichimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1870. Miaka michache baadaye, katika North Carolina, handaki la Swannanoa lilitobolewa na wafungwa ambao karibu wote walikuwa weusi, waliokodishwa na serikali kwa kampuni ya reli, na wengi wao wakafia huko. Kutokana na nyundo zao ulizaliwa wimbo wa kazi, na wimbo huo ukapita kwenye vinywa vya watu weupe wa vijiji vya jirani, nao wakauimba kama wao. Alipofika mkusanyaji wa nyimbo kutoka Uingereza mwaka 1916, aliusikia kwa wanawake weupe, akauandika, na hatimaye ukachapishwa ndani ya kitabu ambacho jina lake lilitangaza kuwa nyimbo zake ni za Kiingereza. Hakuna mfano mmoja unaoonyesha waziwazi zaidi jinsi jasho la watu lilivyoweza kubaki huku majina yao yakifutwa.

Ili kuelewa kilichopokelewa na milima, ni lazima kutazama ufundi wenyewe. Banjo ya kale ina mwili wa duara uliowambwa ngozi, shingo ndefu, nyuzi nne ndefu na uzi wa tano ulio mfupi, uliofungwa kwenye kigingi kilicho ubavuni mwa shingo na unaotoa sauti ya juu kuliko nyingine zote. Mtindo mkuu wa milimani huitwa klohama: vidole hukunjwa, kisha ukucha wa kidole cha shahada au wa kidole cha kati hushuka na kugonga uzi, mkono mzima ukienda pamoja nao, na gumba, ambalo limetua juu ya uzi wa tano, huuachia mkono unapoinuka. Matokeo yake ni kwamba noti ya juu isiyobadilika hulia kati ya mapigo ya wimbo, si juu yake, na mpigo huo wa pembeni ndio unaowainua wachezaji. Wapigaji stadi huliteremsha gumba hadi kwenye nyuzi za ndani pia, hivyo wimbo ukagawanywa baina ya ukucha na gumba. Anayeuita mtindo huu rahisi hajausikiliza vizuri, kwani ndani yake ngoma na uzi vimeshikwa na mkono mmoja.

Wapo waliotumia njia nyingine, wakivuta nyuzi kwa gumba na kidole kimoja au viwili kutoka chini kwenda juu, na katika baadhi ya kaunti za Kentucky na Virginia njia hizo ndizo zilizotawala. Lililowaunganisha wote ni mazoea ya kubadilisha mlinganisho wa nyuzi kulingana na wimbo. Mpigaji wa gitaa kwa kawaida hulinganisha nyuzi zake namna moja na kuutafuta kila wimbo humo humo, lakini mzee wa milimani aliweza kuwa na milinganisho kadhaa, kila mmoja ukiwa na nyimbo zake na hali yake ya moyo. Mmoja unaojulikana sana ni ule ambao wenyewe wameuita wa kiwanda cha mbao, ambao hauna ndani yake ile noti ya tatu ya skeli, yaani ngazi ya noti, inayoamua kama wimbo ni meja, wenye sauti ya uchangamfu, au ni maina, wenye sauti ya huzuni. Wimbo uliopigwa katika mlinganisho huo, kama ule wa ndege kukuu aliourekodi Clarence Ashley mwaka 1929, hubaki katikati bila kuegemea upande wowote.

Banjo nyingi za milimani, zaidi ya hayo, zilitengenezwa nyumbani. Frank Proffitt wa Reese, North Carolina, aliyefariki mwaka 1965, alizichonga kwa mbao za kwao kama baba yake alivyofanya, na mafundi wa eneo hilo waliziwamba ngozi ndogo za paka au za mnyama mchimba mashimo wa huko. Shingo za banjo hizo zilikuwa laini, bila vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatisha shingo ya gitaa na kumlazimisha mpigaji azikanyage noti zilizopimwa. Kwenye shingo laini kidole huteleza, na sauti inaweza kutua baina ya noti mbili, mahali hasa ambapo mwimbaji wa zamani alipenda kutua.

Uimbaji nao una kanuni zake. Baladi ziliimbwa na mtu mmoja bila ala, mara nyingi mwanamke, akiwa kazini au mbele ya moto, na katika kaunti ya Madison, North Carolina, wenyeji waliziita nyimbo za mapenzi, hata zile ambazo mwisho wake ni kisu na kaburi. Sauti hutolewa kifuani na kooni, juu, imenyooka bila kutetemeshwa, na mara nyingine mwishoni mwa mstari huruka ghafla kwenda juu na kukatika. Mwimbaji haigizi. Uso wake hautangazi kwamba bibi harusi amezama au kwamba ndugu amemuua nduguye, wala hapunguzi mwendo panapotokea kifo, kwani kisa ndicho kinachobeba uchungu na msikilizaji ndiye anayeachiwa kulia. Skeli zinazotumika mara nyingi huwa na noti tano au sita tu, na noti ya tatu huimbwa kwa kiwango ambacho piano haina. Profesa Francis James Child wa Harvard alikuwa amechapisha kati ya 1882 na 1898 baladi 305 za Uingereza na Uskoti, akizichota zaidi kutoka katika maandishi ya kale, na ilikuwa ajabu kubwa kwa wasomi kugundua kwamba nyingi kati ya hizo zilikuwa bado hai katika mabonde ya Marekani. Milimani zilipungua beti, mizimu mingi ikatoweka, na kando yake zikatungwa mpya za mauaji ya kweli, kama ule wimbo wa Tom Dula, aliyenyongwa Statesville mwaka 1868 kwa kifo cha Laura Foster, wimbo ambao Proffitt aliuimbia mkusanyaji Frank Warner mwaka 1938, na ambao mwaka 1958 uliwatajirisha vijana wa kundi la mjini lililousikia kupitia njia hiyo.

Chanzo cha pili cha sauti hiyo ni kanisa. Wabaptisti wa Zamani wa mashariki mwa Kentucky hawatumii ala yoyote ibadani. Kiongozi hughani mstari mmoja upesi, kisha waumini wote huurudia polepole mno, kila mmoja akiuzungusha kwa madoido yake, sauti zikienda pamoja bila kulingana kabisa. Desturi hiyo ilitokea Uingereza na Uskoti katika karne ya 17, na imedumu pia katika makanisa ya Wamarekani weusi wa kusini, jambo linaloonyesha kwamba urithi ulipita pande zote mbili. Anayetaka kuijua sauti ya Roscoe Holcomb, mfanyakazi wa ujenzi na wa migodi kutoka Daisy, Kentucky, ambaye filamu ya John Cohen ya mwaka 1963 ilimfanya ajulikane, aanze katika ibada hizo, kisha asikilize bluzi za mwimbaji mweusi Blind Lemon Jefferson ambazo Holcomb alizipenda, kwa maana vyote viwili vimo kooni mwake.

Ndipo lilipotokea jambo kuu la muziki huu. Ala iliyozaliwa kwa ajili ya ngoma na sauti iliyozoea upweke zilipokutana, banjo haikuanza kuisindikiza sauti kwa kupanga noti chini yake kama gitaa lifanyavyo, bali iliufuata wimbo hatua kwa hatua, ikitamka karibu noti zile zile huku uzi wa tano ukiendelea kulia. Kwa njia hiyo baladi iliweza kuingia katika mpigo bila kupoteza skeli yake, na nyimbo fupi za beti zinazohamishika, ambazo zinadaiwa sana na uimbaji wa watu weusi, zikapata makao. Dock Boggs wa Norton, Virginia, mchimba makaa aliyerekodi nyimbo nane New York mwaka 1927, alieleza wazi kwamba alivutiwa na namna wapigaji weusi walivyovuta uzi mmoja mmoja, akaamua kuacha mtindo wa kugonga uliotawala nyumbani kwao. Katika sahani zake banjo na koo husema neno moja kwa wakati mmoja, na ni haki kuzihesabu miongoni mwa kazi kubwa kabisa za muziki wa Marekani.

Wanawake pia walikuwamo, ingawa mara nyingi husahauliwa. Samantha Bumgarner wa Sylva, North Carolina, alisafiri na Eva Davis kwenda New York kurekodi mwaka 1924, wakati ambapo kampuni za santuri zilikuwa zimeanza tu kuutambua muziki wa mashambani, na banjo yake ni miongoni mwa za kwanza za milimani kusikika kwenye sahani.

Kutengwa kwa mchango wa watu weusi katika historia hiyo kulifanywa na watu wa aina mbili, wasomi na wafanyabiashara. Cecil Sharp, yule mkusanyaji Mwingereza aliyeusikia wimbo wa Swannanoa, akiongozwa na kazi ambayo Olive Dame Campbell alikuwa ameianza kabla yake, alizunguka milimani na Maud Karpeles kwa jumla ya wiki 46 kati ya 1916 na 1918. Kazi yao haina mfano, na toleo kamili la mwaka 1932 lina tuni 968. Jane Hicks Gentry wa Hot Springs, North Carolina, peke yake alimwimbia Sharp zaidi ya nyimbo 60. Lakini Sharp alikuja akiitafuta Uingereza iliyopotea, akaipata kwa sababu hakuangalia kingine: watu weusi hakuwasikiliza kwa makini, na banjo hakuipa nafasi ya maana. Waliomfuata walikwenda mbali zaidi. Tamasha la White Top, lililofanyika Virginia katika miaka ya 1930, halikuwaruhusu watu weusi, na mmoja wa viongozi wake, mtunzi John Powell, alikuwa miongoni mwa walioishinikiza Virginia ipitishe sheria ya ubaguzi wa damu ya mwaka 1924. Hapo suala halikuwa tena uzembe wa utafiti, bali siasa iliyovaa joho la sanaa.

Kampuni za santuri zilifikia mwisho ule ule kwa njia ya soko. Mtayarishaji wa santuri Ralph Peer aliporekodi Bristol, kwenye mpaka wa Tennessee na Virginia, mwaka 1927, na kuwapata waimbaji wa familia ya Carter na mwimbaji Jimmie Rodgers, orodha za mauzo zilikuwa tayari zimegawanywa, moja ya wanunuzi weusi na nyingine ya weupe. Mweusi alitakiwa kuimba bluzi, mweupe apige nyimbo za kale, na mpigaji banjo mweusi hakuwa na orodha ya kumweka. Sahani zenyewe hazikujua mipaka hiyo, na zilifika hata Afrika: mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alirekodi miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya nyimbo za Chemirocha, ambalo ni jina la Jimmie Rodgers katika matamshi yao, zikipigwa kwa kinubi cha kwao. Nyumbani Marekani, hata hivyo, Wamarekani weusi wengi walikuwa wameshaiacha banjo, kwa sababu ya aibu waliyotwikwa na minstreli, kwa mvuto wa gitaa, na kwa kuhamia miji ya kaskazini.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1945 mpiga banjo Earl Scruggs alijiunga na bendi ya Bill Monroe akiwa na mtindo wa kasi wa vidole vitatu, na banjo ikawa ala ya mashindano jukwaani. Mkusanyo wa sahani za zamani uliotolewa na Harry Smith mwaka 1952, wenye rekodi 84, uliwarudishia vijana wa mijini sauti za Ashley na Boggs, ambaye mwanamuziki Mike Seeger alimtafuta na kumpata mwaka 1963. Mwaka 2005 wanamuziki na watafiti walikutana Boone, North Carolina, katika mkutano wa banjo ya watu weusi, na kutokana nao Rhiannon Giddens na wenzake wakaunda kundi la Carolina Chocolate Drops, wakijifunza kwa Joe Thompson, mpiga fidla mweusi wa Mebane aliyekuwa na umri wa miaka zaidi ya 80.

Thompson, lakini, alikuwa mtu wa nyanda zilizo chini ya milima, sawa na wapigaji weusi wengine wachache waliowahi kurekodiwa katika North Carolina. Wale wa milimani penyewe, walioishi migodini na kando ya reli, karibu wote walikufa bila sahani. Kwa hiyo anayetaka kuwasikia hana budi kuwatafuta katika mikono ya wanafunzi wao weupe: katika namna Boggs anavyovuta uzi mmoja mmoja, katika shingo laini ya banjo ya mpigaji mweupe Fred Cockerham, na katika gumba linaloshuka baina ya mapigo. Utafiti wa aina hiyo, unaolinganisha mkono na mkono badala ya neno na neno, ndio kwanza umeanza, na unahitaji Wagambia na Wasenegali wanaoujua mwendo huo tangu utotoni kama unavyowahitaji wazee wa Virginia.